Nilikuwa Ngomeni Wakati Madam Maureen Akiagwa

Akinyi, Wambui na Nakato, mliniuliza mara ya kwanza pale uwanja wa ndege, nikasema nimechoka. Mkaniuliza tena Ijumaa baada ya kanisa letu la hapa Doha, nikasema kichwa kinaniuma. Siku hizi mmeacha kuniuliza, na hilo linanichoma kuliko maswali, maana najua mnaulizana wenyewe nikiwa zamu. Basi nimekaa kitako niandike safari yote, tangu chumbani kwetu mtaa wa Najma mpaka Uingereza, ili kila mmoja asome kwa nafasi yake na mimi nisilazimike kumtazama usoni akisoma. Habari za viza na tiketi nazipita. Mlizisikia mpaka mkazichoka.

Najma

Kwenye kikundi chetu wamo wageni ambao hawakumjua marehemu, kwa hiyo nianze naye. Madam Maureen alikuwa mkuu wetu wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Mwingereza, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitufundisha kutandika shuka mpaka tukawa tunatandika usingizini, na ukiacha unywele mmoja kwenye sinki alikuita urudi hata kama umeshavua sare. Tulimwogopa, tusidanganyane.

Lakini mama yake Akinyi alipofariki huko Siaya, na Akinyi akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika, tuliamua kumlilia mama yule hapa hapa, kwenye chumba chetu cha Najma. Jioni ile tumekaa mikekani tunaimba, mlango ukabishwa, tukajua ni mwenye nyumba kaja kulalamika. Alikuwa Madam. Hakuna aliyemwalika. Akavua viatu akaviweka pamoja na vyetu, akakaa chini kati ya Nakato na Wambui, na miguu yake mifupi ile akaikunja kwa shida. Hakujua wimbo hata mmoja. Hakuinuka mpaka mtu wa mwisho alipoinuka, na kesho yake akaja tena. Mimi nimefanya kazi kwa mabosi wengi hapa Doha na sijamwona mwingine aliyekaa chini nasi.

Kwa hiyo kaka yake, Colin, alipotuandikia kwamba dada yake amefariki kwao, mji mdogo wa mlimani kaskazini mwa Uingereza, hatukujadiliana sana. Mmoja wetu lazima aende. Mimi ndiye niliyekuwa na likizo, basi nikatumwa. Fundi wa kule nyuma ya duka la simu akatushonea sare sote, zambarau yenye maua meupe, ili hata nikiwa peke yangu ionekane kwamba nimetoka kwa watu. Tukapanga maneno. Ningesimama, nitoe salamu za rambirambi za wanawake wa Doha, niwasimulie jamaa zake habari ya ule mkeka na vile viatu. Akinyi alinikalisha kitandani akanisikiliza nikiyasema mara nyingi, kwa Kiingereza, mpaka yakawa yanatoka yenyewe.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono hakuuachia.

"Kadzo, mimi mathe wangu sikumzika," akaniambia. "Huyu mmoja unizikie wewe. Usiniangushe."

Nikamwambia ondoa shaka.

Barabara ya uwanja wa ndege

Alinipeleka Hamza, yule dereva Mganda jirani yake Nakato. Mnajua barabara zetu zilivyo: iliyokuwepo jana leo imewekewa vizuizi vyekundu na mshale unaokuelekeza jangwani. Tulizunguka mzunguko mmoja mpaka mlinzi wa lango la jengo la pembeni akaanza kutupungia mkono. Mimi natazama saa, Hamza anakula karanga.

"Tulia, dada," akasema. "Mafi mushkila, hakuna shida. Wewe umetumwa na watu, hiyo ndege itakwenda wapi bila wewe?"

Nilifika mbio, viatu mkononi, msichana wa kaunta ameshasimama anakusanya vitu vyake. Akanitazama juu mpaka chini, akapumua, akakaa tena. Nikaingia ndani ya ndege wa mwisho kabisa, abiria wote wananikodolea macho, nami najiona shujaa. Hilo ndilo somo nililoanza nalo safari, kwamba hata ukichelewa mlango utakungoja. Laiti yule msichana angenifungia siku ile.

Treni ya kaskazini

London sikuiona, niliipitia chini ya ardhi. Nilichokiona ni treni ya kwenda kaskazini, safi, watu wamekaa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani. Mwanamume mmoja mwenye kipara alikuwa akisukuma kitoroli cha chai. Akafika kwangu akauliza, "Maziwa, mpenzi?" Nikamjibu kwa heshima zangu zote kwamba nina mume Kaloleni na watoto watatu. Mama aliyekaa mbele yangu akainamia gazeti, mabega yanamtikisika. Baada ya muda nikamsikia yule yule akimwita mpenzi mzee mmoja mwenye ndevu, nikaelewa kwamba huko ni salamu tu. Nilipomrudishia kikombe nikamwomba radhi. Akaniambia usijali, mpenzi.

Wambui alikuwa amenifungia chapati kwenye karatasi ya jiko. Sikuweza kula peke yangu mbele ya watu, nikazipitisha. Wengi walitikisa kichwa na kugeukia dirishani, lakini yule mama wa gazeti akakata kipande kwa vidole viwili. Akatafuna akifikiri. Kisha akavua miwani, akala chapati mbili nzima bila kuongea, akaniuliza kama aliyezipika ana mgahawa. Wambui, pokea sifa zako.

Katikati ya mashamba treni ikasimama. Sauti ikatangaza kwamba kondoo wameingia relini. Nilicheka kidogo, maana nilidhani wenzetu hawana mambo hayo, lakini hakuna mwingine aliyecheka. Watu walianza kutazama saa, kupiga simu, kuomba msamaha kwa watu wasioonekana. Tukakaa pale hata chai ikatuishia tumboni. Yule mama akaniuliza kama kuna mtu ananisubiri. Nikamweleza naenda kumuaga mtu, ibada ni saa nane mchana. Akashtuka, akanyoosha simu yake, akaniambia niwapigie wenyewe upesi. Nikamrudishia simu yake bila kupiga na kumpoza.

"Usihangaike, mama," nikamwambia. "Msiba hauna haraka."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananistaajabia kwa utulivu wangu.

Mlimani

Mji wenyewe, jamani, ni barabara moja iliyosimama wima. Nyumba za mawe zimeegemeana huku na huku, na kila mlango una ngazi zake tatu ili usiporomoke ukitoka kuchukua maziwa. Juu kabisa ipo ngome, imekaa imeutazama mji mzima. Chini kabisa kuna mto na bonde. Niliburuta sanduku langu kwenye mawe yale likipiga kelele mpaka watu wakafungua mapazia.

Nilifikia kwa Bi Pauline, mjane anayepangisha vyumba viwili juu ya jikoni lake. Alinipa supu nyeupe ya mboga ambayo haikuwahi kukutana na chumvi, na mkate mzuri sana. Nikaoga, nikavaa sare yetu, nikajifunga kilemba. Niliposhuka ngazi aliweka kijiko chini akasema hiyo ni rangi ya furaha kweli kweli. Nikaipokea kama sifa.

Ilikuwa imeshapita saa saba. Akaniambia kanisa dogo la maziko liko chini bondeni, mwendo mzuri kwa miguu, na kwamba kule wanafuata saa sana. Akauliza mara mbili kama aniitie teksi. Nikamjibu hapana, nitatembea. Moyoni nilisema huyu naye ana wasiwasi, kila mtu katika nchi hii ana wasiwasi wa saa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea na sikupotezwa na mtu. Nilipiga hesabu ya kwetu. Kwetu mkiambiwa saa nane, saa nane ndipo gari la kuleta mwili linapokwama. Wakishafika, watu wapite wamwone marehemu uso. Padre aombe. Mwenyekiti wa kamati azungumze, chifu azungumze, wa kikundi cha akina mama azungumze, halafu shemeji kutoka Malindi ambaye hayumo kwenye ratiba azungumze kuliko wote. Anayefika saa kumi anakuta ndio kwanza wamefikia majirani. Na sisi wageni wa mbali huwa tunawekewa nafasi, tunangojwa kwa hamu, hata tukifika wakati kaburi linafukiwa mtu husimamisha koleo ili tuseme. Nikajiona nina mchana mzima.

Na ngome ilikuwa pale pale juu, inaniita.

Ngomeni

Mnakumbuka ile sikukuu Madam alipotupeleka Umm Salal kuona minara ya zamani. Sisi tulikuwa tunaisifia, yeye akatucheka, akasema kwao kuna ngome iliyokuwa imezeeka kabla minara ile haijafikiriwa, na siku moja tutaipanda naye tupige picha. Nilijiambia kwamba kupanda pale ni kumheshimu. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka picha.

Nilipanda nikihema. Mlangoni kuna kibanda na mzee anayekata tiketi, akanieleza mambo mengi ya mabwana waliopigania kilima kile, nami naitikia tu. Ndani hakuna paa. Kuta zimebaki nusu, nyasi zimeota mpaka kwenye madirisha, na kondoo wawili walikuwa wamepumzika pale ambapo mzee aliniambia palikuwa ukumbi wa karamu. Kwa macho ya kazi yetu nikatafuta ni nani anayefagia. Kuna mnara mmoja mzima bado. Nikaupanda kwa ngazi za mawe zilizolika katikati, na nilipotokeza juu upepo ukanipiga, mji wote ukawa chini yangu, paa za mawe, mto, na bondeni kabisa jengo jipya la matofali lenye bustani. Niliona magari machache yameegeshwa mbele yake. Nikasema kimoyomoyo, tazama, hata watu hawajajaa.

Nikashuka mnarani, nikamwomba mzee wa tiketi anipige picha. Nikasimama ukutani, mkono kiunoni, kilemba kinapepea. Mzee alipiga nyingi, nikachagua moja, nikaituma kwenye kikundi.

Mliandika wote kwa pamoja. Wambui akasema nimependeza. Nakato akaweka vile vichwa vya kucheka na kulia. Akinyi peke yake akauliza, "Wameanza?" Nami nikamjibu, "Bado, watu wanajikusanya."

Akinyi, sikukudanganya kwa makusudi. Nilikuwa nimeona magari machache nikaamua ndivyo ilivyo. Lakini sasa kila nikilifungua lile neno kwenye simu naona haya mpaka shingoni.

Bondeni

Nilishuka taratibu kwa ajili ya viatu. Nilipofika kwenye lile jengo la matofali ilikuwa robo saa kabla ya saa tisa, na nilichokiona kilinipa furaha: watu waliovaa nguo nyeusi walikuwa ndio wanaingia. Hata jeneza nilikuta linapitishwa mlangoni. Nikamshukuru Mungu, nikajipongeza kwa akili zangu, nikaingia nyuma yao.

Ukumbi mdogo, viti vya mbao, muziki laini unatoka ukutani. Waombolezaji hawakujaza hata safu tatu. Nikaumia. Madam wetu, aliyetulea sote, hana watu kiasi hiki. Na wote wamekaa wakavu, hakuna anayelia, hakuna anayeimba. Nikaona basi ni kazi yangu. Kwetu aliyetumwa na watu hapiti pembeni akajificha kiti cha nyuma. Anaenda moja kwa moja kwa marehemu, anamwita, ndipo anakaa.

Nikapita katikati mpaka mbele. Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya jeneza, nikalia kwa sauti, kama tunavyolia. Nikasema kwa Kiswahili, "Mama yetu, tumekuja." Kisha nikageukia watu, nikaanza kwa Kiingereza yale maneno ya Akinyi: kwamba natoka Doha, kwamba nimetumwa na wanawake aliowalea, kwamba alivua viatu akakaa chini nasi. Walikuwa wananitazama kwa namna ambayo nilidhani ni huzuni.

Mama mmoja wa makamo, mwenye suti, aliyeonekana ndiye kiongozi wa ibada, akanisogelea polepole. Nikamwomba kama tunavyoomba kwetu.

"Naomba mnifungulie kidogo," nikamwambia. "Nimetoka mbali. Nimwone uso."

"Unamtafuta nani, mpendwa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Maureen."

Akanishika kiwiko. "Maureen alikuwa wa saa nane. Ameshaondoka. Huyu ni Ronald."

Sijui niwaelezeje. Mikono yangu ilikuwa bado juu ya mbao za Ronald wa watu. Safu ya mbele alikaa bibi mzee, mdogo, ameweka mkoba mapajani, na huyo ndiye niliyekuwa nimemlilia mumewe kwa jina la mwingine na kutaka kumfunulia jeneza. Njia ya kutoka ilikuwa ndefu, na watu wote wangeniona nikiipita na zambarau yangu. Yule bibi aliuinua mkoba uliokuwa umelalia kiti cha pili, maana alikuwa na miwili, akanipigia kile kiti kwa kiganja mara moja.

Nikakaa. Nilikaa ibada nzima ya Ronald, kandokando ya mjane wake. Nikajua kwamba alikuwa akiendesha basi la shule na kwamba alipenda kufuga njiwa. Machozi yalikuwa tayari nikayatumia. Kisha mama wa suti akasema maneno machache, pazia likajivuta lenyewe mbele ya jeneza, na watu wakainuka. Nikangoja twende kaburini. Hakuna aliyekwenda kaburini. Ndipo nilipoinua macho nje nikaona bomba la moshi nyuma ya bustani, nikaelewa pale ni mahali pa kuchoma maiti, na kwamba Madam Maureen hakuwa na kaburi la mimi kukimbilia kusema niliyotumwa.

Ibada yote haikufika nusu saa. Mimi supu tu ya Bi Pauline niliinywa kwa muda mrefu kuliko huo.

Mlangoni yule mjane aliniaga kwa kunigusa mkono. Mama wa suti akanielekeza nyumbani kwa Colin, walikokwenda jamaa wa Maureen kunywa chai. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu.

Nilikaa kwenye benchi la bustani. Basi la kwenda stesheni lilikuwa linapita barabarani, na nawaapia nilisimama nusu. Ningepanda, nilale stesheni, nirudi Doha niseme nilisema yote wakalia. Nani angejua? Niliandika kwenye kikundi, "Imeenda vizuri." Nikayatazama maneno hayo. Nikamwona Akinyi mlangoni hajaniachia mkono. Nikayafuta, na basi likapita.

Jikoni kwa Colin

Nikaupanda tena ule mlima mpaka kwa Colin. Wageni wengi walikuwa wameshaondoka. Alinifungulia mzee mwembamba mwenye pua ile ile ya Madam, mikono imejaa povu la sabuni.

"Wewe ni Kadzo," akasema kabla sijajitambulisha. Sare ilimwambia.

Nilianza kuomba msamaha nikiwa bado nje. Nikaomba msamaha ukumbini, nikaomba msamaha jikoni. Akanipa kiti na sahani ya mikate midogo iliyobaki, yenye tango ndani na isiyo na maganda, nikala kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Yeye akarudi kuosha vikombe. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta, kazi ninayoijua, na tukiwa hivyo, yeye mgongo kwangu, nikamweleza kila kitu. Kondoo, supu, ngome, picha. Hata Ronald nilimweleza. Mabega yake yakatikisika kidogo kwa Ronald.

Kisha akanieleza na yeye ilivyokuwa kwao. Baada ya nyimbo mbili, mama wa suti alilitaja jina langu, kwamba sasa rafiki yetu kutoka Qatar atasema. Watu wote wakageuka kuutazama mlango. Akalitaja tena. Colin akatoka mpaka nje akatazama barabara. Mama yule akaomba wakae kimya kidogo, labda niko njiani, wakakaa kimya, wote, wanautazama mlango. Wakakaa mpaka jamaa wa Ronald wakawa wameshafika nje na haikuwezekana tena kungoja, ndipo pazia likafungwa. Nilipoiangalia simu usiku, ile picha ya mkono kiunoni niliituma wakati huo huo wamekaa kimya wananingoja.

Nikamuuliza kama ninaweza kwenda popote alipo nikaseme sasa. Akasema majivu hayajatoka, na yakitoka watayapeleka kilimani chini ya ngome wakati wa masika, maua yakifunguka. Wakati huo mimi niko zamu, anajua na mimi najua.

"Niambie mimi," akasema.

Basi nikayasema. Nikasimama kati ya sinki na friji, kitambaa cha vyombo mkononi, nikatoa salamu zenu zote. Sikuruka kitu, Akinyi. Mama yako nilimtaja kwa jina. Nilipofika kwenye viatu Colin alifunga bomba la maji, akabaki ameshika ukingo wa sinki mpaka nikamaliza. Yalikuwa maneno mazuri tuliyoyapanga. Yaliwafaa watu wengi, na alikuwepo mtu mmoja.

Alijifuta mikono. Nilidhani atanishukuru nimwage machozi tuyamalize. Badala yake alitabasamu, akitazama mahali pengine.

"Ibada ile aliipanga mwenyewe, akiwa kitandani," akasema. "Nyimbo, nani asome, nani aseme. Mimi nilitaka nyinyi muwe wa kwanza, kwa kuwa mnatoka mbali. Akakataa. Akasema, 'Hapana, Colin. Wasichana wangu waweke mwisho kabisa. Watachelewa.'"

Alilisema kwa upendo, kama alivyoambiwa kwa upendo, na alicheka. Nikajaribu kucheka naye.

Hiyo ndiyo habari ya safari, dada zangu. Aliniwekea nafasi ya mwisho kwa sababu alinijua, na bado sikufika.